Bolti za Ijumaa Jioni

Gereji ya Darajani,
Migori.
5 Julai 1998

Baba mpendwa, Mzee Ondieki,

Pokea salamu zangu, za Emmah na za wajukuu wako wote. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao gari lako limeumaliza. Natumaini goti lako limepoa na kwamba Mama hakuruhusu kulima jua likiwa kali. Mahindi ya huko Lambwe yalisalimika na ile mvua ya El Nino? Huku mto uliingia hadi kwenye shimo la gereji, tukachota matope kwa sufuria za Emmah, naye hajanisamehe mpaka leo.

Barua yako ya tatu nimeipata. Umeuliza tena gari lako la Pijo litafika lini. Baba, hebu na mimi nisikilize kidogo. Mwezi wa tatu uliponiambia niifufue, nilidhani ni kazi ya wiki tatu. Wapi! Gari limekaa miaka saba chini ya bati, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, panya wametafuna nyaya zote, na kila bolti niliyoigusa ilikatikia mkononi. Kwa kuwa injini ya zamani ilitoboka ubavu, nilienda Homa Bay kutafuta nyingine. Yule bwana anayeuza magari mabovu aliapa kwa watoto wake kwamba ni ya Pijo 404. Nikahangaika nayo mpaka hapa, nikaishusha, kumbe hakuna hata tundu moja linalolingana! Nikairudisha, akasema nisubiri. Nilisubiri wiki tano. Ya pili ililingana, lakini kabureta yake ilikuwa imejaa kutu hivi kwamba nilikaa chini nikacheka, maana ningelia wateja wangeniona.

Sisemi haya ili unihurumie. Gari hili limenichosha tangu ujana wangu, na ajabu ni kwamba silichukii. Nakumbuka siku lilipokuja mara ya kwanza, likivutwa na trekta, wewe umeshika usukani na tai shingoni. Tulilihangaikia miezi minne, wewe, mimi na rafiki yako Maroa, fundi mwenzetu. Maroa alikuwa analala chini yake akitusimulia habari za ng'ombe wa kwao Ukuria, wewe unasugua plagi ukiimba sauti ya nne, ile nzito, ya nyimbo za kanisa, mimi vidole vimechubuka mpaka nashindwa kushika kikombe cha uji. Siku lilipowaka, Maroa alizunguka gereji nzima mbio akigonganisha spana, nawe ukamkumbatia hivyo hivyo na mafuta yake, tai ikaharibika nawe hukujali. Sijafurahi tena namna ile kazini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mstari wa kwanza. Unazikumbuka sheria zako za gereji. Ijumaa jua likigusa kilima, zana chini, Sabato imeingia, hata gari likiwa limebaki na magurudumu matatu. Na bolti ikishakazwa mara ya mwisho itiwe nukta ya rangi nyeupe, na yenye nukta haiguswi tena na mtu. Kabla ya kufunga mlango ulikuwa unapita na tochi ukikagua nukta, na aliyeacha kazi nusu nusu alikiona.

Ijumaa ile ya mwaka 1991, tulipokuwa tumeifungua injini tena, nilikuwa chini ya Pijo nikifunga konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Ulikuwa mlangoni, Biblia kwapani, ukiniita kwa mara ya tatu, tena kwa ile sauti yako. Zilibaki bolti mbili. Nilikuwa nimezizungusha kwa vidole tu. Baba, nilizitia nukta. Nilijiambia Jumapili alfajiri nitakuja kuzikaza kabla mtu hajafika. Jumapili alfajiri ukaniamsha wewe, ukanituma Homa Bay nikalete gasketi ya juu ya injini, nami nikaenda bila kufungua mdomo. Niliporudi jioni, Maroa alikuwa ameshaifunga injini kwa chini. Aliona nukta, akafanya ulivyotufundisha. Siku ya pili ikawaka vizuri, nikajidanganya kwamba labda nilizikaza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sikuwa mtoto.

Jumatano injini ikakupasukia kwenye mteremko wa kuingia Lambwe. Ulipoifungua ulikuta bolti mbili zimelegea zikatoka, ukauliza nani aliyefunga, ukaambiwa ni Maroa. Na kwa kuwa yeye si Msabato, na Jumamosi ile alishinda gerejini akiziba matairi ya watu, uliamua kwamba aliigusa injini siku ya Sabato na Mungu amekuonyesha. Aliapa kwamba hakuigusa. Ulimfukuza. Kisha ukasimama kanisani ukamtaja kwa jina ili watu wajifunze, na tangu hapo hakuna mwenye gari Migori aliyempa hata plagi ya kubadilisha. Mimi nilikuwa benchi la pili, nimeshika kitabu cha nyimbo, nikanyamaza. Najichukia kwa kule kunyamaza kuliko kwa zile bolti.

Mwezi wa sita hii injini ya pili ilinishinda. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, mpaka nikaipiga teke nikaumia mimi. Nilijua ni mtu mmoja tu anayeweza kuusikia ugonjwa wake. Nikaenda Muhuru Bay, nikamkuta Maroa akitengeneza injini ya boti, kichwa chote mvi. Nilimwambia yote pale pale, kina mama wanaoanika dagaa wa omena wakisikia. Aliitupa ziwani spana aliyokuwa ameishika, akaondoka.

Baada ya siku kumi akatokea hapa na sanduku lake. Alimsalimu Emmah, akapita kando yangu, akaingia chini ya gari. Siku tatu alifungua na kufunga. Alhamisi iliyopita injini ikashika, ikatulia, Baba, ikalia ile sauti unayoijua. Hakuna aliyeruka. Akafuta mikono, ndipo akaniambia kwamba mama yake alikufa akiamini mwanawe aliharibu gari la rafiki yake kisha akaapa uongo. Akasema kuombwa msamaha ufukweni hakumsaidii kitu, kwa kuwa hakuaibishwa ufukweni. Anataka niyaseme kanisani.

Nimekubali. Sabato ya tarehe 18 nitasimama hapo hapo uliposimama wewe, na wazee wa kanisa wamenipa nafasi. Ukininyima baraka zako, sitalalamika. Lakini kosa langu naweza kulitubu mimi, yale maneno ya kanisani yalikuwa yako, na sijui namna ya kuyafuta kwa niaba yako.

Kwa hiyo gari lako litafika Lambwe Ijumaa tarehe 17, asubuhi. Mimi sitakuwemo. Ataliendesha Maroa. Nilimwomba, naye akakubali. Atapiga honi mara moja langoni na kusubiri. Hatashuka kuomba chochote. Ukipanda, mtafika Migori kabla jua halijatua, nyinyi wawili. Usipopanda, atakuachia ufunguo na kutembea mpaka barabarani.

Nisalimie Mama sana, umwambie asinifiche akiumwa. Wasalimie na majirani, na Mungu awalinde mpaka tuonane. Emmah amesema nikuandikie kwamba ameshatandika vitanda viwili.

Ni mimi mwanao,
Okari