Ukuta Hauna Makosa

Baba Rukia, mume wangu,

Bado nimo edani. Wanawake wa mtaa huja wakanisomea dua, wakanywa kahawa, wakaenda zao, na nikibaki peke yangu nataka kukupa habari za nyumba kama zamani. Ndipo nimeshika kalamu.

Nusura nihamishwe. Ukuta wa bafuni, ule unaopakana na jiko, ulianza kutoka jasho. Chokaa ikalainika hata ukiigusa inabaki kidoleni. Ndugu yako Salimu alikuja kutoka kwake mtaa wa Buxton, akakaa nje ya pazia, akanieleza kwa upole kuwa bomba la ndani ya ukuta limeoza. Kuta hizi za mawe ya kale, alisema, fundi akizigonga zitatuangukia. Tena fundi mgeni ataingiaje huku nami niko eda? Akanitaka nihamie kwake.

Najua alinihurumia. Lakini mke hukalia eda nyumba ya mumewe, nami nilitaka kuimalizia yako, hii ya mtaa wa Kuze uliyoitunza kwa mikono yako. Nilimwomba anipe siku mbili.

Ulikuwa ukirudi kazini ukanisimulia mabomba ya watu huku unakula, nami nikidhani nasikiliza tu. Ulivyowaambia wenye nyumba wajaze ndoo na mabirika kabla hujafunga maji. Ulivyoomba tambara upanguse sakafu, wakati mafundi wengine huwaachia watu tope. Na neno lako lile: "Ukuta hauna makosa. Usiupige kabla hujayauliza maji."

Basi nikayauliza. Nilifunga mabomba yote ya nyumba, nikafunga na koki ya maji yanayoingia tangini. Dada yako Mwanaisha akapanda ngazi hadi darini, akapiga mstari wa chaki ndani ya tangi, pale maji yalipofika. Alipanda akinung'unika, "Kaka alikuoa au alikuandika kazi?" Nilicheka, Baba Rukia. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Kumbe bomba la ukutani ni zima. Lingekuwa linavuja, maji yangeshuka.

Nikamwambia afungue koki ya tangi, atazame. Tangi likajaa, wala maji hayakukoma. Boya, lile la kufunga maji tangi likijaa, lilikuwa limezama. Bomba la kutolea maji ya ziada nalo lilikuwa limezibwa na majani ya kiota cha ndege, kwa hiyo maji yakapita ukingoni na kushuka kimya nyuma ya ukuta. Alilifungua boya akanishushia. Nikalitikisa, maji yakacheza ndani yake, na machozi yakanitoka, kwa sababu nilisikia sauti yako: "Boya likilia kama nazi, limekwisha."

Mwanaisha alizibua lile bomba, akafunga fimbo ya boya kwa kamba, juu, ili maji yasiingie. Salimu alikwenda Ndia Kuu akanunua boya jipya. Nyuzi za bomba, pale boya linapofungwa, tulizizungushia katani zisivuje, kwa upande wa kukazia, si kinyume, na Mwanaisha alipotaka kukaza kwa nguvu zake zote nilimzuia. Ulisema bomba halikazwi kwa hasira, kinachopasuka ni shingo yake.

Salimu alitaka tuupake ukuta saruji. Nikamwambia hapana, saruji itaufungia unyevu ndani, ukuta wa chokaa uachwe upumue kwanza. Akasema kutoka nje ya pazia, "Shemeji, hayo ni maneno ya kaka yangu hasa." Habari ya Buxton hakuitaja tena. Ukuta sasa umeanza kuwa mweupe kuanzia juu.

Nilijua umeioa kazi yako kama ulivyonioa mimi, wala sikuona wivu. Ila sikujua ulikuwa ukinigawia kazi hiyo kila jioni, tonge kwa tonge.

Bi Zuhura wa nyumba ya pili amesikia. Bomba la jikoni kwake linatona, mumewe yuko safarini, na hapendi mwanamume mgeni aingie ndani. Nimemwambia asubiri nitoke eda.

Mungu akupe kauli thabiti, mume wangu, na kaburi lako liwe na nafasi. Nakuahidi nitakwenda kwa Bi Zuhura na mkoba wako wa kazi. Na wakiniuliza nani kanifundisha, nitalitaja jina lako, kamili, pamoja na la baba yako.

Mkeo,
Mama Rukia