Meza Iliyokataa Kutulia

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wanangu wote. Goti lako linaendeleaje? Natumaini umelitia dawa, maana kulilalamikia hakujaliponya. Huku tu wazima. Neno hilo nitalirudia huko chini, kwa hiyo usiruke mistari kama kawaida yako.

Najua umeninunia. Wanao wameniambia kwamba nikipiga simu unasema bibi mkubwa wa ofisini leo kapata nafasi. Haki yako. Miezi hii nimekuwa nikikata maongezi mapema, nikisingizia kazi. Basi nivumilie nikueleze kazi yenyewe, ndipo utanielewa.

Wewe hunicheka kwamba nalipwa kwa kutikisa vyuma. Ni kweli. Vihisi vya mtetemo ni vidude vidogo kama vizibo vya chupa, hubanwa kwenye mashine kubwa ili vitoe habari zikianza kutetemeka kupita kawaida. Kihisi kikisema uongo, mashine huvunjika na watu wakaumia. Kwa hiyo vihisi huletwa kwetu vipimwe kama vinasema kweli. Mimi hukifunga pamoja na kihisi kikuu, kile tunachokiamini, navitikisa vyote kwa pamoja, na lazima viseme neno moja. Lakini kabla ya kutikisa chochote, meza vinapofungwa itulie kabisa, mstari wa kihisi kikuu kwenye skrini unyooke.

Juzi mstari ulikataa kunyooka. Palikuwa na kinundu, kinakuja, kinapotea. Nilizima feni. Nikamwomba mwenzangu anayepima mizani pembeni yangu aache kutikisa mguu, akanuna, akaenda zake kunywa chai. Bado. Akaja mkuu wetu, mzee mpole anayemwaga methali kama wengine wanavyopiga miayo, akasema kikulacho ki nguoni mwako, nitazame waya. Waya ulikuwa mzima. Mwishowe akaniambia nisogee mbali na meza, kwani nilikuwa nimeiegemea kwa tumbo.

Nikasogea. Mstari ukanyooka. Nikaegemea tena, na baada ya muda kinundu kikarudi. Mzee akanitazama, kwa mara ya kwanza akakosa methali. Akasema anakwenda kuulizia chai, akafunga mlango taratibu.

Dada, nina mimba. Imeshapita pale ile ya kwanza ilipoishia.

Sikukuambia kwa sababu mara ile nilikuambia mapema mno. Ulishona vile vinguo vya njano, kisha ukaja kuvikunja mwenyewe huku unalia, ukidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Niliapa sitakukunjisha tena nguo za mtoto asiyekuja. Mkunga aliniambia kila kitu kinakwenda vizuri, lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijasikia hata mguso mmoja, na kila asubuhi niliamka na hofu, nikaenda kazini na hofu, nikakupigia simu nayo. Ndiyo maana nilikata mapema. Ungeisikia sautini.

Mzee alipotoka, nilikichukua kihisi kikuu nikakiweka tumboni, juu ya koti la kazi, nikakishikilia. Pumzi zangu zikaonekana kwenye skrini, vilima vya polepole. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikaanza kuomba, na machozi yakinitoka. Kisha, juu ya kilima kimoja, kinundu. Kikatulia. Kikaja tena, na safari hii nami nikakisikia ndani yangu, wakati uleule. Mimi na kihisi tulisema neno moja.

Basi ndiyo maana nimeandika kwamba tu wazima. Tumo watatu kwenye neno hilo. Shemeji yako anakusalimu, tangu juzi ananikataza hata kuinua sufuria.

Vile vinguo vya njano najua hukuvigawa, hata ukiapa. Vitoe ulikovificha, Dada, uvifue, uvianike juani. Kisha uje navyo, goti likikuruhusu, na lisipokuruhusu uje hivyo hivyo.

Wabusu wanangu, na umwambie shemeji asikutanie ukilia.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wenu, ninayejiandaa kuacha kudekezwa