Kwa Mama Yetu Vitalia, Aliyeambiwa Asubiri

Mama, mwaka umezunguka tangu utuache. Kahawa ya hapa Mkumbi imeiva tena, na ni mara ya kwanza tunaichuma bila wewe kutusuta kwamba tunachanganya na mbichi.

Ulizaliwa Chiwanda, ukaolewa huku milimani na baba yetu Urbani. Majirani bado wanasimulia siku ulipoziona ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kwa mara ya kwanza shambani, ukauliza, "Jamani, mashimo yote haya mnamzika nani?" Ukaja kuyalima vizuri kuliko waliozaliwa nayo. Lakini usipa, dagaa wa ziwa la kwenu, hukuuacha. Ulishuka ziwani kuununua, ukapanda nao hadi sokoni Mbinga, na mwenye mgonjwa nyumbani ulimwongezea kiganja kizima huku umegeuza uso, asije akakushukuru.

Wauguzi walipokuja zahanati kupima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, ulikuwa wa mbele kwenye foleni. Ulirudi ukatuambia bila kificho: "Wameona doa. Si saratani bado. Mwezi wa nne wanaleta mashine ya kuligandisha, basi, limekwisha." Ukaenda zako kuchambua maharage.

Mwezi wa nne ulikuja na Korona. Mashine haikuja. Ulijishonea barakoa ya kitenge, ukaenda kuuliza.

"Huduma hiyo imesimama, mama. Subiri utangaziwe."

Ulirudi tena baada ya mavuno, jibu likawa lile lile. Kila Jumapili matangazo yaliposomwa baada ya misa ulitega sikio. Yalitangazwa mengi, hilo halikutangazwa. Mwili haukuuma, kazi hazikuisha, na polepole lile doa likaacha kutajwa nyumbani.

Damu ilipoanza kukutoka, wewe ambaye hedhi ilishakukoma, ulijifunga kanga mbili ukaendelea kuchuma. Binti yako Aurelia ndiye aliyeona, akakupeleka hospitali.

Daktari kijana alikupima, kisha akasema kwa ukali, "Kwa nini kina mama mnachelewa hivi?"

Ulimtazama bila hasira. "Mwanangu, mimi sikuchelewa. Niliwahi, nikaambiwa nisubiri."

Akainamisha kichwa. Baadaye alimwita Aurelia kando, akamwambia ugonjwa umeshasambaa, na kwamba tangu Korona anawaona wengi waliofikishwa hapo kwa njia kama yako.

Ulikwenda Dar es Salaam kwa mionzi. Ulirudi umekonda, kanga inakuzunguka mara mbili, lakini ukatembea jumuiya kwa jumuiya: "Nendeni mkapimwe. Mkiambiwa subirini, kaeni pale pale kwenye benchi mpaka waone aibu." Wengine walicheka, wengine walikwenda. Maumivu yaliporudi, Baba alikulisha uji kwa kijiko, na wewe mwenye maneno mengi ukabaki kumshika mkono tu. Tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Tunaitikia amina, Mama, lakini mioyo yetu haijatulia.

Mwaka huu mashine imefika. Mdogo wako Winnie alikwenda kupimwa kwa ajili yako, akakutwa na doa kama lile. Waliligandisha asubuhi ile ile. Aurelia aliyekuwa akimngoja nje alikuwa hajamaliza hata soda yake alipomwona ametoka. Mama mdogo akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga.

"Mama mdogo, wamekuumiza?"

"Hapana, mwanangu." Akashusha kanga, akautazama mlango aliotokea. "Kumbe ni hivi tu? Dada yangu amekufa kwa kukosa kitu kidogo namna hii?"

Aurelia akaketi kando yake pale kwenye ngazi.

Unakumbukwa na mumeo Urbani, wanao Aurelia na Alphonce, mdogo wako Winnie, wajukuu zako, jumuiya yako hapa Mkumbi, na ndugu zako wote wa Chiwanda. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili kigangoni.

Hatutakusahau, Mama, kadiri tutakavyoishi.