Nadhiri ya Goti la Kushoto

Esch, 11 Februari 1994

Mama, naomba baraka yako.

Kiuno chako kinaendeleaje na baridi hii? Nguruwe mmeshamchinja? Mimi mzima, ila mguu. Lile goti bandia limevimba tangu Oktoba na sasa linatoa usaha. Daktari anasema watalitoa lote, wanijaze saruji yenye dawa wiki sita, kisha watie jingine. Wenzangu wananitania: "Adérito, umetandika saruji miaka ishirini, sasa zamu yake kukutandika."

Nilimwuliza daktari kama nitarudi kupanga vigae. Akasema, "La pili mara nyingi halifikii la kwanza. Tuombe utembee."

Wenzangu ninaokaa nao huku ugenini wanatoka kwenda kazini alfajiri. Kutwa nzima nasikiliza bomba la maji la jirani.

Mwanao,
Adérito

Kijijini, 2 Machi 1994

Mungu akubariki, mwanangu.

Kiuno ni kile kile. Nguruwe alichinjwa, soseji zako zinaning'inia moshini.

Nimemwendea Mtakatifu Eufemia. Nimemwahidi kwamba ukipona utazunguka kanisa lake kwa magoti, mara tatu, kama ulivyofanya Agosti iliyopita kwa ajili ya goti la kwanza. Usinikunjie uso. Nimeshatamka, na neno ulilompa mtakatifu halirudi mdomoni.

Mama yako,
Felisbela

Kijijini, 20 Aprili 1994

Mungu akubariki, popote ulipo.

Wiki saba sasa. Umenikasirikia, au umelala hospitali na hakuna wa kukushikia kalamu? Yule wa posta amenichoka: "Bibi Felisbela, hata uje mara mbili kwa siku, siwezi kukuandikia mimi." Niandikie neno moja tu.

Mama yako

Esch, 29 Mei 1994

Mama, naomba baraka yako, na leo naomba na subira yako.

Wametia goti jipya. Linakunja nusu. Natembea kwa mkongojo, ngazi napanda moja moja kama mtoto. Maumivu hayajaisha, yamehamia pajani. Kupanga vigae, basi tena.

Daktari aliona kovu chini ya goti, akauliza nilijikata wapi. Nikasema kazini. Nilimdanganya. Ule ukokoto wa kanisani ulinichana mzunguko wa pili. Wewe ulikuwa nyuma yangu na rozari, unasema, "Bado mmoja tu, mwanangu." Nikaona haya kusimama mbele ya watu. Kidonda kilikaa wiki tatu, uchafu ukaingia hadi kwenye chuma.

Nilitaka kukuficha haya mpaka kaburini. Lakini umeahidi tena. Siwezi, mama. Likioza hili, wanaweza kuukata mguu. Niambie kama Agosti nije au nisije.

Mwanao

Kijijini, 17 Juni 1994

Mungu akubariki, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Nilimpelekea padre. Akasema, "Mama, nadhiri ya magoti ya mwenzio haikuwa yako kuiweka." Kisha akaniacha peke yangu.

Siku ile niliiona damu kwenye suruali yako. Niliiona, Adérito. Nikafurahi, nikadhani huko juu wanaihesabu.

Usije Agosti. Wanakijiji waliohamia Ufaransa na kwenu huko watajaa hapa kwa likizo, watauliza kwa nini huzunguki, nawe utawajibu uongo ili kunifichia aibu. Njoo Novemba, kijiji kikiwa hakina mtu. Tutakwenda kanisani polepole, tukae kwenye benchi. Wakati wa kupiga magoti, mimi nami nitabaki nimekaa.

Mama yako,
Felisbela