Ukurasa Msafi wa Daftari la Taa

Nyumba ya Ngazi za Bluu,
Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu Chapuchapu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo je, umepona, au bado unaupaka dawa na kulisingizia godoro? Sisi huku tunapumua. Magoti yangu yananikumbusha kila asubuhi kwamba nimestaafu. Mama ametimiza miaka themanini na sita. Macho yamemwisha, lakini masikio yanasikia hata yasiyosemwa. Ile saa ya ukutani uliyotutumia Baba alipofariki bado inatembea. Mpaka leo majirani wananiuliza nani hutuma saa msibani, nami nawajibu kwamba kaka yangu ni mtu wa kwenda na wakati.

Habari yenyewe ni ya safari. Chama chetu cha wauguzi wastaafu kiliamua mwaka huu tutembelee minara ya taa ya zamani, mitatu kwa siku mbili. Nilitaka kukataa. Unajua mwenyewe, tangu tufukuzwe kwenye ile nyumba ya mtunza taa sijawahi kugeuza uso upande ule. Lakini wenzangu walinisonga, nikaona nikikataa sana wataanza kuuliza sababu.

Mnara wa kwanza una zaidi ya miaka mia. Tuliambiwa mtunza taa wake alifariki ghafla, na mkewe akaiwasha taa peke yake siku kumi na moja mpaka alipokuja mtu wa kumpokea. Amewekewa jiwe la kumbukumbu mlangoni. Wa pili wameupaka rangi kama pipi, na kwenye chumba cha mtunza taa sasa wanauza aiskrimu. Nilikula, ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Wa tatu ulikuwa wetu.

Kaka, ngazi ni zile zile mia na kumi na nne. Utotoni nilikuwa naziruka mbili mbili, ndipo Baba akaniita Kiroboto. Safari hii nilipumzika mara tano. Chumba tulichokuwa tunalala kimejaa vibao vya maelezo. Mwongoza wageni ni binti mmoja mpole, ana sauti nzuri, na kazi yake anaijua. Alitueleza mashine sawasawa: kwamba kulikuwa na jiwe zito lililoning'inia katikati ya mnara, likishuka polepole linazungusha kile kioo kikubwa cha taa, na kila baada ya saa tatu mtunza taa lazima apande, azungushe mkono wa chuma, alipandishe tena. Kioo kikizunguka, mabaharia wanaona taa inapepesa mara mbili na kupumzika, wanajua pale kuna miamba. Jiwe likigusa chini, kioo kinasimama na taa inatulia tuli. Na taa iliyotulia, kwa nahodha, ni taa ya bandari.

Kisha akafika kwenye usiku wa ile meli. Alisema mtunza taa wa mwisho, ambaye watu walimwita Mzee Giza, alilala zamu. Jiwe likafika chini, nahodha akadhani anaingia bandarini, meli ikapasukia kwenye miamba na mpishi wake akafa maji. Hata jina la utani walikosea, maana giza halikuwepo. Taa iliwaka usiku kucha, ila haikuzunguka. Daftari la zamu la usiku ule liko wazi ndani ya sanduku la kioo. Kila baada ya saa tatu imeandikwa kwamba jiwe limepandishwa na hali ni shwari.

"Tazameni mwandiko ulivyonyooka," akasema yule binti. "Hata kulala, alilala kwa utaratibu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kaka. Nilicheka ili wasijue kwamba mimi ni mtoto wake.

Wenzangu waliposhuka, nikabaki nyuma nikavaa miwani. Unaikumbuka mikono ya Baba. Kila zamu alikuwa akipandisha jiwe kwanza, ndipo anaandika, mikono bado ina mafuta ya mashine, na Mama kila siku akimgombeza kwa kuchafua mpaka foronya. Pembeni ya sanduku kuna madaftari mengine ya miaka ya nyuma, wageni wanaruhusiwa kuyafunua. Nikayafunua. Kila ukurasa wa Baba, na nasema kila ukurasa, una alama nyeusi ya dole gumba pembeni. Ukurasa wa usiku ule ni msafi kama sahani ya mgeni. Mistari minne, imepangika vizuri. Aliyeiandika alikaa kitako jioni, akaimaliza yote kwa mkupuo mmoja, akafunika daftari, akaondoka.

Mwandiko sikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Nimekuwa nikiuona kwenye bahasha zako kwa miaka arobaini na minane.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, sikuwa mtoto mchanga. Nakumbuka Baba ana homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, akakukabidhi wewe zamu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mashine uliijua kama yeye. Nakumbuka pia ulivyovaa shati lako jeupe jioni ile ukaniambia nisiseme kitu. Nikadhani ni siri ya msichana, nikajiona mkubwa kwa kuaminiwa. Kumbe ulikwenda dansi mjini, na kazi ulikwisha kuiandika kabla ya kuifanya. Baba hakukosea kukuita Chapuchapu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulichuma, na baada ya miezi miwili ukasafiri, ukatuachia sahani nzima. Kwenye makaratasi ya kazi zamu ilikuwa ya Baba, na walipomuuliza alijibu kwamba ni yake. Akaishia kulinda ghala la mbao. Mimi shuleni nikaitwa Binti Giza. Mpaka anakufa alikuwa anaamka kila baada ya saa tatu, anakaa kitandani, anaitazama mikono yake, analala tena. Mimi, muuguzi mzima, nilimpa vidonge vya usingizi. Na nikwambie ukweli, nilikuwa na kinyongo naye. Nilimchukia kidogo kwa kulala usiku ule.

Barua zako nilimsomea mimi. Za wifi, za baridi ya huko, za nyumba mpya, zote. Kila nikimaliza aliuliza, "Ndiyo hayo tu?" Nami nilikuwa naudhika, namwambia ndiyo Baba, hayo tu, kwani ulitaka akuandikie kitabu?

Niliporudi kutoka safari nilikusudia kumficha Mama, nikashindwa. Nilimsimulia zile alama za dole gumba, akatabasamu. Kisha akauliza ukurasa wa usiku ule ukoje. Nikavuta shuka nikaanza kukunja naye. Akaendelea kukunja nguo, na kwa sauti yake ya kila siku akaniambia kwamba Baba alijua asubuhi ile ile, alipoliona daftari.

"Alisema akimtaja mtoto atafungwa," Mama akasema. "Akinyamaza, mtoto atakua, atasema mwenyewe. Basi akakaa kumsubiri."

Alimwapisha Mama asitamke neno, na Mama hakutamka. Mzee wa watu alisubiri miaka thelathini na tisa, kaka. Hukuja hata kumzika.

Wiki iliyopita nilirudi kule peke yangu, nikaonana na msimamizi wa mnara. Mwezi wa tisa wanabandika kibao cha shaba mlangoni, na maneno yake yameshatungwa: kwamba meli ilipotea kwa sababu mtunza taa alilala. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema mambo yale yamepitwa na wakati, hakuna wa kushtakiwa tena, lakini neno la binti kumtetea baba yake halitoshi. Anataka barua ya yule aliyekuwa zamu, kwa mkono wake na kwa sahihi yake. Ikifika kabla ya mwisho wa Agosti, maneno yatabadilishwa. Isipofika, shaba haifutwi kwa kitambaa.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea karatasi tupu, usije ukasema ulikosa. Ukurasa mmoja unatosha. Usinieleze kwamba ulikuwa kijana. Yule mpishi wa meli naye alikuwa kijana, picha yake wameibandika pale ukutani.

Msalimie wifi, sijui umewahi kumwambia nini juu yetu. Wanao waambie shangazi yao anawapenda, wao hawana kosa. Shemeji yako fundi cherehani anakusalimu. Naye sijamwambia kitu. Mama anakuombea kila siku, jana nimemsikia. Mungu akupe afya, akupe usingizi mwema, na akishakupa akuamshe.

Mama ameshaniuliza mara mbili kama barua yako imefika. Ikija nitamsomea kama kawaida, neno kwa neno. Nikifika mwisho atauliza lile swali la Baba, namjua. Kaka, nakuomba, nisije nikamjibu ndiyo Mama, hayo tu.

Mimi dada yako, nisiyeweza kuacha kukupenda hata nikijaribu,

Kiroboto