Nilifungua Mashine ya Kukodi, Wifi Yangu Ndiye Anayeulizwa

Shangazi mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki, ila sijawahi kukuandikia kwa sababu nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu imenifika mwenyewe, jambo nimeshindwa kulimeza na nimeshindwa kulitema, nakusihi unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni fundi wa printa, mwanamke, mama wa watoto watatu, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Nasema bila aibu kwamba katika mji huu hakuna anayezijua mashine za ofisi kunizidi, na anayebisha aje, maana mimi nikipigiwa simu humwambia mtu weka simu karibu na mashine niisikilize, na kabla sijatoka nyumbani nimeshajua nibebe kifaa gani. Kwenye bima, kwenye chuo cha udereva, kwenye zahanati, kote huko naitwa Mama Wino, na wapo mabosi ambao mpaka leo hawajui jina nililopewa na wazazi wangu. Nilikuwa na ofisi thelathini na moja. Sasa hivi ninazo tisa.

Biashara imegeuka, Shangazi. Zamani ofisi ilinunua mashine yake, ikiharibika naitwa, wino ukiisha najaza, na mashine niliyoilea mimi ilifika miaka kumi bila kulalamika. Sasa imekuja kampuni kubwa ya kukodisha, ofisi hainunui kitu, inaletewa mashine inayong'aa na inalipia kurasa inazochapa, wino unaletwa hata kabla haujaisha kwa sababu mashine yenyewe iko kwenye mtandao na inapeleka habari zake kwa kampuni, na kopo la wino lina chipu inayokataa wino wa mtu mwingine. Wasiokodi nao wananunua zile ndogo za matangi, unamimina wino mwenyewe kutoka kwenye chupa kama unamimina mafuta ya kupikia, kwa hiyo wa kuniita nijaze hawapo tena. Ile ya kukodi ikigoma huruhusiwi kuigusa, imebandikwa stika kwenye mfuniko, unapiga namba iliyoandikwa pale na fundi wao anakuja ndani ya siku mbili. Sisemi ni mbaya, nisiwe mwongo, zinachapa vizuri.

Sasa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni karani katika ofisi ya wakili. Mashine yao ya zamani niliihudumia miaka kumi na miwili, mpaka mwaka huu wakili alipokodi, nami nikaagwa kwa kupewa mkono. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, wifi akanipigia ananong'ona.

"Wifi, mashine imegoma. Saa sita karatasi ziwe mahakamani, na hawa wanasema watakuja kesho kutwa."

"Iwekee simu," nikamwambia.

Nikaisikia inavuta, inateleza, inavuta, inateleza, halafu inakohoa. Nikajua palepale ni mpira wa kuvutia karatasi, umejaa vumbi la karatasi za bei rahisi mpaka umekuwa laini kama sabuni. Nikachukua mkoba, nikaenda, nikaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu wakili alikuwa na mteja chumbani kwake. Stika niliiona, Shangazi, sikudanganyi. Niliiona, nikaichana. Ndani nikakuta hasa kile nilichokisikia kwenye simu, na mkobani nilikuwa na mpira wa mashine nyingine iliyokufa zamani, mpana kidogo kuliko unaotakiwa, nikaupunguza kwa wembe, nikaupima, nikaupunguza tena unene wa ukucha, nikauvisha ukakaa kama umezaliwa pale. Dakika ishirini na mbili. Kurasa sitini na nane zikatoka zimenyooka, hakuna hata moja iliyojikunja pembe.

Mara tukasikia mlango wa wakili, nikajificha kwenye kijichumba cha chai. Akaja, akaipigapiga ile mashine mgongoni kama mtoto aliyefaulu, akasema, "Hizi za kisasa ni kiboko! Umeona? Imejirekebisha yenyewe." Na mimi niko nyuma ya mlango, tona, ule wino wa unga, imenipaka mpaka viwikoni, nimeuma mdomo nisicheke wala nisilie. Imejirekebisha yenyewe!

Kosa langu lilikuwa moja, na naliona aibu kuliko yote. Sikuchomoa waya wa mtandao. Miaka kumi na tisa nazisikiliza mashine, sikukumbuka kwamba siku hizi na zenyewe zinaongea na watu wengine. Siku tatu baadaye kampuni ikamwandikia wakili kwamba mashine yake ilifunguliwa saa fulani na dakika fulani na mtu asiyeruhusiwa, wanataka kujua ni nani, la sivyo mkataba utavunjwa. Wakili akamuuliza wifi. Wifi akajibu, "Ni mimi, nilikuwa natoa karatasi iliyokwama." Akaandikiwa barua ya onyo, na akaambiwa ajieleze kwa maandishi kufikia Ijumaa hii, maelezo yasiporidhisha aondoke.

Halafu fundi wa kampuni akaja kukagua. Alipofungua akacheka, akamwambia wifi, "Dada, karani hawezi kukata mpira hivi. Huu ni mkono wa fundi, tena fundi haswa." Wifi akanisimulia, na nisamehe Shangazi, nilisikia raha kabla sijasikia hofu.

Utaniuliza kwa nini sijaenda kusema. Kampuni hiyohiyo inatafuta mafundi wa hapa mjini, nimeomba, nimeitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo, na kwenye fomu kuna swali kama nimewahi kufungua mashine yao bila ruhusa. Nilijibu hapana, na siku nilipoijaza ilikuwa kweli, maana niliijaza wiki moja kabla ya ile Jumanne. Nikijitokeza sasa, usaili umekwisha kabla haujaanza. Mume wangu anasema, "Nyamaza. Wifi yako ana mdomo, atajitetea. Ukijipeleka mtakosa vyote viwili, kazi yako na ya kwake." Kaka yangu hajui lolote. Wifi mwenyewe nikimwuliza anasema, "Nenda kwenye usaili wako, mimi nitaona," lakini sauti si ile ninayoijua, na Jumapili alipokuja kwetu aliosha vyombo vyote bila kuongea.

Nifanye nini, Shangazi, niseme au ninyamaze? Na nikisema, kutakuwa na ubaya nikimweleza wakili pia nilivyoukata ule mpira? Maana mpaka leo anaamini mashine ilipona kwa kutolewa karatasi iliyokwama tu. Naomba jina langu usilitoe.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Lile jina la ofisini ulilokuwa umeliandika nimelibadilisha, ingawa nashuku ulitamani niliache.

Nianze na pongezi, kwa sababu ukianza kusikia ukali utakunja gazeti. Kazi uliyoifanya ni safi. Mpira wa mashine iliyokufa, wembe, dakika ishirini na mbili, na karatasi za watu zikafika mahakamani kwa wakati. Jivunie, tena vimba kabisa. Printa ya hapa kwetu ikigoma mimi naipiga kofi, na huo ndio ufundi wangu wote.

Sasa tuzungumze. Barua yako ilikuwa na kurasa nne za mkono, nimezihesabu. Mpira umepata zaidi ya ukurasa mzima, mpaka unene wa ukucha ninaujua. Mwanamke anayekaribia kupoteza kazi kwa ajili yako amepata mistari michache mwishoni, karibu na vyombo. Ungekuwa unanisimulia ana kwa ana ningekukatiza. Na ulipoambiwa huo ni mkono wa fundi haswa ukasikia raha kwanza. Angalau umekiri, ndiyo maana sijakutupa.

Stika usinizungushie. Mashine ile si yako, wala si ya wakili, ni ya mwenyewe aliyeikodisha. Hufunui chungu cha mtu jikoni kwake hata kama nia yako ilikuwa kuongeza chumvi tu, unabisha hodi. Mlikuwa na wakili hatua kumi kutoka pale, mwenye kesi na mwenye mkataba. Ungemwambia, "Mashine imegoma, mimi naweza, ila mkataba wako unakataza, amua." Angeamua yeye, na lawama ingekaa mahali pake. Nyinyi mkaamua kumzunguka, wewe na wifi yako, watu wazima wawili mnanong'ona kama mmeiba sukari.

Wakili naye simwachi. Mtu anayekula kwa kusoma mikataba ya wengine alitia saini wa kwake unaosema mashine ikilala atasubiri siku mbili, wakati mahakama haimsubiri yeye hata saa moja. Wenye ofisi mnaosoma hapa, kabla hamjashangilia kitu kinachong'aa, ulizeni kikigoma nani anakuja na anakuja lini.

Mumeo anasema mtakosa viwili. Hajaona cha tatu. Siku kaka yako atakapojua kwamba mkewe alifukuzwa kazi kwa kumfichia dada yake, na dada mtu alikuwa anajua na alikuwa anajiandaa kwa usaili, hicho utakirekebisha kwa wembe gani? Sikia ushauri wa mumeo kwenye mambo mengine. Kwenye hili amekosea.

Fanya hivi. Gazeti hili linatoka Jumatano, na mawakili wanasoma magazeti. Hata ningebadilisha majina yote, kisa cha mashine yake atakitambua. Kwa hiyo ukiwa unasoma hapa umeshachelewa kidogo, vaa viatu. Nenda ofisini kwake asubuhi hii, kwa mlango wa mbele, mwombe nafasi na wifi yako awepo. Mwambie mimi ndiye niliyefungua, niliitwa kwa sababu ya karatasi za mahakama, karani wako hakugusa kitu, na kosa la kutokukuuliza ni letu wote wawili. Usilie na usimseme fundi wa kampuni. Kisha yaandike hayohayo, weka saini, mpe wifi ayaambatanishe na maelezo yake ya Ijumaa. Barua nyingine ipeleke kampuni kabla ya Jumatatu, useme jibu lako kwenye fomu lilikuwa kweli siku ile na sasa si kweli tena. Nakala baki nazo. Mpira unaruhusiwa kuutaja kwa sentensi moja. Nimesema moja.

Inawezekana wasikuajiri, sitakudanganya. Kama fundi wao ana macho, huenda wakataka kukuona hata hivyo, lakini hilo usilitegemee. Wakikukataa unazo ofisi tisa, na hizo zilizokodi zote iko siku mikataba yao itaisha, na mwenye ofisi atamhitaji mtu asiyeuza chochote amwambie akodi tena au anunue, na aangalie mstari upi kabla ya kusaini. Nani anazijua mashine hizo ndani na nje kukuzidi wewe? Hata zile za matangi zikikaa wiki nzima bila kuchapa wino hukauka zikaziba, na hao wanaomimina kama mafuta ya kupikia watakutafuta wenyewe. Ufundi wako haujafa, umehama chumba tu. Lakini kwa wakili usiende na hesabu hii mfukoni. Nenda ukijua unaweza kupoteza.

Jambo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko usaili. Hukusema wazi, lakini unalalamika kwamba hakuna aliyekusifu. Asubuhi ile wifi yako alikuwa na namba ya kampuni mbele ya macho yake, imebandikwa kwenye mashine, akapiga ya kwako. Alipoulizwa ni nani, akakubali kuandikiwa barua ya onyo kuliko kukutaja. Sijui unasubiri sifa gani nyingine. Nenda kamtoe.