Asili ya Springi

Fundi Sichone,

Tunduma nzima hakuna anayenizidi Kiingereza. Madereva wa Zambia wananivulia kofia, na yule karani wa mizigo mwenye diploma akiniona anahama upande wa barabara. Kidato cha pili niliacha kwa hiari, niwaachie wengine nafasi.

"Wewe Profesa, umekunja chuma au umekunja mdomo?" Ungesema hivyo. Siku hizi hakuna wa kuniambia.

Karakana yetu ya Chapwa ipo. Springi za malori nazikunja mimi sasa. Kabla ya moto naigonga kwanza na kutega sikio, kama ulivyonifundisha: nzima inalia, yenye ufa inakohoa. Jana nimeikataa moja, dereva akanitukana kwa Kibemba. Nikamrudishia springi yake kwa adabu. Ungeshangaa.

Unaikumbuka kamusi yako iliyong'oka jalada? Chai ya saa nne, neno moja la Kiingereza. Macho yako yalikuwa hayaoni herufi ndogo, ndiyo maana nikawa msomaji. Siku ya neno "spring" nikakusomea: chemchemi, kuruka, majira ya majani kuchipua huko Ulaya, na chuma chetu. Ukacheka. "Chuma na maji wamekutana wapi hawa? Nisomee asili yake." Nikasema mistari imeisha. Haikuisha, Fundi. Ilinishinda.

Ulipolazwa hospitali ya Vwawa ukamtuma mkeo, Mama Neema: "Mwambie Profesa aniletee lile neno." Nikaenda kwa mwalimu wa sekondari, mimi, na majivuno yangu yote, akanisomea. Yote yametoka kwenye kuruka. Maji yanaruka kutoka ardhini, jani linaruka kutoka kwenye tawi, chuma ukikikandamiza kinaruka kurudi. Ndugu wa tumbo moja. Nikaandika kwenye karatasi, mwandiko mzuri kabisa.

Haya, kwaheri Fundi wangu. Pumzika huko Itaka kwenye mibuni yenu. Kamusi nitaimaliza, neno moja kila chai, na mstari wa asili siuruki tena.

Msibani niliwaambia watu kazi zilinibana nisije kukuona. Uongo. Karatasi ilikaa mfukoni siku sita, mpaka habari ya msiba ikafika. Niliogopa kuiona ile mikono yako imekonda. Gari za Vwawa zilikuwa zinapita mbele ya karakana, konda ananiita kwa jina, nami nainama kama natafuta nyundo. Nyundo ilikuwa mkononi.